Dhahabu imepanda, lakini anayeweka jiwe bado tunamlipa kwa mzani

Tangu dhahabu ivuke dola 4,000 kwa aunsi mwezi Oktoba 2025, kila anayetoka kwa sonara anatoka na lalamiko lilelile, kwamba mafundi wamekuwa wakali, pete ndogo tu unaambiwa hela ya ajabu, na kwamba sasa ndo msimu wao wa kuvuna. Kwenye magrupu ya harusi mtu akiomba aelekezwe fundi mzuri wa pete, ushauri wa kwanza anaopewa ni "bana hela ya ufundi, dhahabu yenyewe imeshapanda". Mimi naona hapa tumelielewa jambo kinyume kabisa. Yule anayekaa benchi na lenzi machoni akiweka jiwe kwenye pete, dhahabu ikipanda yeye kipato chake kinashuka na kazi yake inakuwa ngumu zaidi, na sababu ni moja tu, tunamlipa kwa gramu za dhahabu iliyotumika kwenye pete. Ufundi wa kuweka jiwe unatakiwa uhesabiwe kwa jiwe lenyewe, yani aina yake, umbo lake na namna linavyoshikwa, alafu hatari ya jiwe kuvunjika ijadiliwe pembeni na iandikwe kama kitu kingine. Tukiendelea na mzani tutaendelea kulipa, ila tutakuwa tunalipia tusivyoviona.

Tuanzie kwenye hesabu ya dhahabu maana ndo chanzo cha kelele zote. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwishoni mwa 2023 aunsi ilikuwa inacheza kwenye dola 2,000 na kidogo, kwa hiyo gramu moja ya karati 18, ambayo ni asilimia 75 dhahabu na iliyobaki ni madini mengine, ilikuwa kama dola 48. Aunsi ikifika 4,000 gramu hiyohiyo inakuwa kama dola 96. Bajeti ya mtu anayeoa haijaongezeka mara mbili, mshahara ni uleule, kwa hiyo anachofanya ni kitu cha akili tu, anapunguza uzito. Pete aliyokuwa anaiwazia ya gramu 6 anaomba ifanywe ya gramu 4, dizaini ileile aliyoiona kwenye simu na jiwe lilelile alilonunua Arusha. Sasa angalia kinachotokea pale benchi. Jiwe halijapungua, makucha manne ya kulishika bado ni manne, mawe madogo yanayolizunguka bado ni 20, lakini malipo ya gramu yameshuka kwa theluthi nzima. Na kwa vile dhahabu imepunguzwa, kucha zenyewe zimekuwa nyembamba, ukuta wa pete umekuwa mwembamba, kosa dogo la mkono ambalo zamani lingesamehewa na unene wa dhahabu sasa hivi linakata kucha. Kazi imekuwa ngumu na malipo yameshuka kwa wakati mmoja, alafu mtaani tunasema jamaa wananeemeka.

Huu utaratibu wa gramu haukuja kwa bahati mbaya na una mantiki yake kule ulikotoka. Sehemu kubwa ya dhahabu tunayovaa pwani, kuanzia Mombasa, Tanga, Dar mpaka Unguja, mazoea yake yanatoka Ghuba na India, na ndugu zetu wakienda Dubai au Muscat wanarudi na picha za masoko ya Deira na Muttrah ambako unapimiwa mkufu kwa bei ya siku alafu unaongezewa ufundi wa kila gramu. Kwa mkufu uliosukwa na mashine hiyo ni haki, maana mashine inatoa mita kwa mita na gramu 10 kweli ni kazi mara mbili ya gramu 5. Bangili tupu vilevile. Lakini hata kule kule, ukihamia kwenye kabati la pete za almasi, mzani unawekwa pembeni, pete inauzwa kwa kipande, uzito wa dhahabu unaandikwa wake na karati za mawe, yani uzito wa mawe, zake. Sisi tumechukua bei ya ufundi wa mkufu wa mashine tukaja kumpigia nayo hesabu fundi wa Kariakoo au wa Arusha aliyekaa nusu siku anachonga viti vya mawe kwa mkono. Ni sawa na kumlipa fundi cherehani kwa uzito wa kitambaa, koti la baridi lisiloshonwa vizuri litamlipa kuliko gauni la harusi lenye shanga elfu.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi yenyewe nieleze kidogo, maana nadhani nusu ya ugomvi wa bei unatokana na kutoiona. Chukua tanzanite ya umbo la yai, milimita 8 kwa 6, inayokwenda kwenye pete ya makucha manne. Fundi anaanza kwa kulikagua jiwe kwa lenzi kutafuta nyufa za ndani na mikwaruzo iliyopo tayari, anapima mkanda wa jiwe, yani pale kwenye kiuno linapokuwa pana kuliko kote, kwa sababu mkanda hauna unene sawa pande zote na kila kucha itakutana na unene wake. Kisha kwa biti ndogo anachonga kijinafasi ndani ya kila kucha, hicho ndo kiti cha jiwe. Akichonga kina kirefu kucha inabaki kama uzi na itakatika mwaka kesho, akichonga kidogo jiwe linakaa juu juu na litazunguka. Viti vyote vinne viwe usawa mmoja, kama sivyo jiwe linakaa limeinama na ukibana kucha moja nguvu yote inaenda kwenye kona moja. Anaweka jiwe, anatazama, analitoa, anachonga tena kiduchu, analirudisha. Akiridhika ndo anasukuma kucha, anaenda kwa kupishana, hii na ya upande wa pili, kidogo kidogo. Mwisho anazungusha ncha za kucha kwa faili ili zisikwaruze nguo, na hapa kwenye faili ndo wengi wanapoharibu. Ugumu wa tanzanite, kwenye kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, faili ya chuma imekaa hapohapo, ikiteleza mara moja tu inaacha alama kwenye uso wa jiwe. Rubi yenye ugumu wa 9 ingepitiwa na faili hiyohiyo na isijue.

Na tanzanite ina tatizo la pili ambalo wateja wengi hawalijui, ina upande mmoja ambao inapasuka kirahisi kama kuni iliyopigwa sambamba na nyuzi zake. Nguvu ikiangukia upande huo jiwe linaachana vipande viwili, safi kabisa, na hakuna gundi duniani ya kulirudisha. Moto nao. Utasikia mtu anambishia fundi, "we si tanzanite zinapikwa motoni ndo zinakuwa bluu, sasa unaogopa nini moto?" Ni kweli nyingi zinapikwa, kwenye joto la kama nyuzi 500 hadi 600, ila zinapandishwa polepole na kushushwa polepole. Mwali wa gesi unaolamba upande mmoja wa pete huku upande mwingine ukiwa wa baridi ni habari nyingine, mshtuko wa joto unalipasua. Ndo maana kupanua tu pete yenye tanzanite inabidi jiwe litolewe kwanza, kazi ya moto ifanyike, alafu liwekwe upya, kwa hiyo ile "nisaidie tu kupanua kidogo" ni kazi mbili au tatu ndani ya moja. Spineli ya Mahenge haina shida hii, ugumu wake ni 8 na haina upande dhaifu, mafundi wanaipenda. Tsavorite, lile jiwe la kijani la Taita au la kwetu Simanjiro, nayo inavumilia kuliko tanzanite ingawa si ya kutupwatupwa. Zumaridi namba yake ya ugumu ni nzuri lakini ndani imejaa nyufa na mara nyingi imetiwa mafuta kuzificha, ukiibana vibaya inafuata ufa, ukiisafisha kwa maji ya moto mafuta yanatoka na mteja anarudi anasema umembadilishia jiwe. Mawe manne ya saizi moja, pete za uzito mmoja, na kazi nne tofauti kabisa. Mzani utasoma namba ileile mara zote nne.

Sasa tuje kwa wanaotetea gramu, na hoja yao kubwa ni nzito, siwezi kuipita juujuu. Wanasema mzani unaonekana. Mteja asiyejua lolote kuhusu vito anaweza kusoma namba, akaenda duka la pili akalinganisha, akamshika mwizi. Ukiruhusu fundi ajitajie bei ya "ugumu wa jiwe" umempa kalamu aandike anachotaka, na tunaijua biashara yetu, anayekuja na gari ataambiwa jiwe gumu, anayekuja kwa miguu ataambiwa jepesi. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini angalia huo uwazi wa mzani unaishia wapi. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, tanzanite ya karati 2 ni gramu 0.4, na kama pete iliyokamilika imewekwa kwenye mzani na jiwe lake ndani, umelipia gramu 0.4 za jiwe lako mwenyewe kwa bei ya dhahabu, kwa bei tuliyopiga hapo juu ni kama dola 38, alafu juu yake ufundi wa gramu hizo. Namba uliisoma kwa macho yako na bado umelipia kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo mzani ni mwaminifu kwa dhahabu iliyo tupu, kwenye pete yenye jiwe inabidi upime kabla jiwe halijawekwa ama utoe karati za jiwe. Na ile hofu ya fundi kujiandikia dawa yake ni bei inayotajwa mapema kwa kila aina ya kazi, ikabandikwa ukutani: kucha nne jiwe la duara bei hii, umbo la yai bei hii, tone la maji au jiwe lenye kona bei hii, kuzungusha ukingo mzima wa dhahabu bei hii, mawe madogo kila jiwe bei hii. Namba za ukutani zinalinganishika duka kwa duka kama zilivyo za mzani.

Kuna kundi la pili linasema basi fundi apewe asilimia ya thamani ya jiwe, maana anayeshika jiwe la milioni 10 amebeba mzigo mkubwa kuliko anayeshika la laki moja. Hapa kuna ukweli nusu. Mzigo kweli ni mkubwa, ila kazi ni ileile. Tanzanite mbili za umbo na saizi moja, moja bluu ya kukolea na nyingine imepauka kama maji ya nili yaliyooshewa mara ya tatu, zinachongewa viti vilevile kwa dakika zilezile, ingawa bei zake sokoni hazikaribiani. Pia fundi hajui thamani ya jiwe la mteja, anamsikiliza mteja, na mteja ana bei mbili, ya chini wakati wa kulipa asilimia na ya juu siku jiwe likivunjika. Ndo maana nasema vitu hivi viwili vitenganishwe, ufundi ulipwe kama ufundi, na dhamana ya jiwe ijadiliwe kama dhamana. Tukivichanganya, kila mmoja anapata njia ya kumdhulumu mwenzake na wote wawili wanajiona wana haki.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa sana, ni kwamba siku hizi mashine zinafanya kila kitu, kompyuta inachora, nta inachapwa kwa umbo la pete, dhahabu inamwagwa, fundi anabana kucha tu dakika kumi kamaliza. Ni kweli kiwandani Asia kuna pete ambazo mawe yanapachikwa kwenye nta kabisa, dhahabu inayeyushwa na kumwagwa jiwe likiwa humohumo ndani, na mtu mmoja anapachika mawe mengi kwa siku kuliko fundi wetu kwa wiki. Lakini njia hiyo inafanya kazi kwa almasi, rubi na yakuti samawi, mawe yanayovumilia tanuru na dhahabu iliyoyeyuka. Tanzanite ukiiweka humo utaikuta imepasuka, zumaridi vilevile. Yani mawe ambayo ndo fahari ya ukanda huu ndiyo hasa ambayo mashine haiwezi kuyaweka, lazima mkono. Na hata kwa yale yanayowezekana, kompyuta inachora kucha ya unene mmoja kwa jiwe la vipimo kamili, wakati jiwe lililokatwa kwa mkono Arusha halina vipimo kamili, mkanda wake umepanda huku umeshuka kule. Kompyuta imeondoa kazi ya kutengeneza pete tupu, hilo nakubali na bei ya hatua hiyo ishuke, lakini kazi ya kuweka jiwe imebaki palepale ilipokuwa, na ndo sababu nyingine ya kuitoa ndani ya hesabu moja ya jumla.

Nilikuwa kwenye karakana moja Arusha, mama mmoja amekuja na tanzanite ya umbo la tone la maji, nzuri sana, anataka pete ya kucha tatu kama ya kwenye picha. Fundi akamwambia kwenye ncha pale lazima aweke kofia ndogo ya dhahabu kuikinga na bei itaongezeka. Mama akasema, "Fundi mwanangu, si unabana tu hapo kijino kimoja?" Fundi akamjibu taratibu, "Mama, ncha hiyo ikiruka hapa mezani ntakulipa na nini mimi?" Wakakaa kimya wote wawili, kisha mama akauliza kofia inaongeza shilingi ngapi. Ndani ya swali la yule fundi mna hesabu yote ninayoizungumzia. Alikuwa anapata pengine elfu thelathini kwa kazi ya jiwe ambalo likiharibika linagharimu miezi kadhaa ya maisha yake, na hakuna bima, hakuna karatasi, kuna maneno tu na uso wa mtu atakayekutana naye tena mtaani.

Tupige hesabu ya kubuni tu ili tuone ukubwa wa shimo. Tuseme fundi anayejitegemea, ukijumlisha kodi ya chumba, umeme, gesi, biti zinazoisha makali, kijana msaidizi na riziki ya nyumbani kwake, anahitaji shilingi 2,600,000 kwa mwezi. Anafanya kazi siku 26, lakini katika kila siku saa zinazozaa hela ni kama 5, zingine anaongea na wateja, ananoa patasi, anafuata dhahabu, umeme umekatika. Hizo ni saa 130, kwa hiyo saa moja ya mkono wake haiwezi kuwa chini ya shilingi 20,000. Ile tanzanite ya umbo la yai, kuanzia kuikagua mpaka kumaliza ncha, tuseme saa nzima, 20,000. Mawe madogo 20 ya kulizunguka, kila moja litobolewe tundu kwenye dhahabu, lichongewe kiti, liinuliwe vichembe vya dhahabu vya kulishika, dakika 6 kwa jiwe, hizo ni saa mbili, 40,000. Jumla 60,000 kwa kuweka mawe peke yake, bado hajatengeneza pete wala kuing'arisha. Sasa mlipe kwa gramu, pete ya gramu 4, tuseme 8,000 kwa gramu, anapata 32,000 kwa kila kitu. Zile 28,000 zilizobaki, pamoja na kazi yote ya pete tupu, zinatoka wapi?

Zinatoka mahali, na hapa ndo pananiuma zaidi. Fundi ambaye hawezi kula kutoka kwenye bei aliyotajiwa atakula kutoka kwenye vitu visivyoonekana. Atachonga kiti juujuu ili amalize haraka, jiwe litakaa vizuri mpaka sherehe iishe kisha litaanza kucheza. Atatia tone la gundi chini ya jiwe dogo pale lilipokataa kukaa, na gundi hiyo itaachia kwa sabuni na maji ya moto ya jikoni. Wengine watajilipa kwenye upungufu, ile dhahabu inayosemekana imepotea kwenye moto na faili, na dhahabu ikiwa ghali kila chembe ya vumbi inayobaki kwenye droo ya benchi ina thamani mara mbili ya zamani. Wengine watashusha karati ya dhahabu kidogo. Simtetei anayefanya hivyo, wizi ni wizi. Ila mteja aliyeshangilia kupunguziwa ufundi mpaka chini kabisa ajue kwamba mara nyingi alichopunguziwa mbele amekilipa nyuma, na amekilipa kwa dhahabu, ambayo ni ghali kuliko ufundi.

Nirudi kidogo kwenye karati, maana pwani tunapenda dhahabu nzito ya 21 na 22 na tunaidharau 18 kama ya watu wasio na uwezo. Kwa bangili na mkufu sina neno. Kwa pete ya kucha yenye jiwe unalovaa kila siku ni kosa, dhahabu ya 22 ni laini, kucha inafungwa kirahisi na inafunguka kirahisi vilevile, inanasa kwenye kanga, inainuka, siku moja unatazama kidole jiwe halipo. Karati 18 imekaa imara zaidi, na nyeupe ya 18 iliyochanganywa na nikeli ni ngumu mpaka inatisha, kucha yake inarudi nyuma kama springi na fundi anahitaji nguvu kubwa kuilaza, nguvu ambayo tanzanite haiipendi. Kwa hiyo hata aina ya dhahabu inabadilisha kazi, na mara nyingine inaibadilisha kinyume na tunavyolipa, dhahabu ya bei ndogo ndo yenye kazi ngumu. Ukitaka dhahabu laini basi jiwe lizungushiwe ukingo mzima, kazi inayochukua muda kuliko kucha ingawa kwa macho inaonekana ya kawaida, na hapo tena gramu zitakudanganya.

Kuhusu dhamana msimamo wangu ni huu. Udhaifu uliomo ndani ya jiwe ni wa mwenye jiwe, uzembe wa mkono ni wa fundi. Najua kuna ugumu, jiwe likishapasuka nani atasema lilikuwa ufa au mkono? Ndo maana ukaguzi unatakiwa ufanyike kabla, wawili pamoja, chini ya lenzi, na kamera za simu siku hizi zinapiga picha nzuri tu kupitia lenzi, picha inatumwa kwa mteja palepale na karatasi inaandika uzito wa jiwe kwa karati, vipimo, nyufa zilizoonekana na nani anabeba nini. Fundi akiona ufa mbaya ana haki ya kukataa kazi ama kusema naifanya kwa dhamana yako. Mteja naye akitaka fundi abebe dhamana yote, sawa, lakini hiyo ina bei yake ya juu, na mteja achague akijua. Karatasi hii inamlinda mteja pia dhidi ya ile hofu kubwa inayowafanya watu wakae masaa mlangoni kwa sonara wakilinda jiwe lao kwa macho, hofu ya kubadilishiwa.

Watu wa sera nao wana la kusikia hapa. Kila kiongozi wa madini, Tanzania na Kenya, anazungumzia kuongeza thamani, na kwa wengi maana yake imeishia kwenye kukata na kung'arisha. Kituo cha Jemolojia Tanzania pale Arusha kinafundisha vijana kukata, Voi kuna kituo cha vito kwa ajili ya wachimbaji wa Taita Taveta, yote mazuri. Lakini tanzanite inachimbwa Mererani, sehemu kubwa inakatwa Jaipur kule India, alafu inakwenda kuwekwa kwenye pete na mikono ya watu wa mbali, na pale kwenye pete ndo bei inaruka. Kijana mwenye akili akitazama benchi anaona anayekata jiwe analipwa kwa jiwe ama kwa karati, anayeliweka analipwa kwa gramu za dhahabu ambazo zinazidi kupungua, atachagua kukata au ataacha vyote akauze simu. Miaka kadhaa mbele tutakuwa na mawe mazuri yaliyokatwa hapahapa na hatuna wa kuyaweka, itabidi yapande ndege. Kuna wanaosema ufundi wa bei ya chini ndo silaha yetu ya kushindana na wenzetu, mimi sioni hivyo, Jaipur na Bangkok wanashinda kwa wingi wa mikono iliyozoea na vifaa, na mikono haizoei kazi isiyolipa. Hadubini ya benchi na patasi za kisasa zinanunuliwa na fundi anayebakiza kitu mwisho wa mwezi.

Kwa mteja anayeingia kwa sonara wiki hii, dai risiti yenye mistari inayojitegemea. Dhahabu ipimwe bila jiwe, na iandikwe karati na bei ya siku. Kutengeneza pete kuwe na bei yake. Kuweka jiwe kubwa bei yake, mawe madogo idadi mara bei ya moja. Dhamana, nani anabeba. Ukiona mstari wa kuweka mawe ni mkubwa kuliko ulivyotegemea muulize fundi akuonyeshe anavyofanya, wengi wanapenda sana kuulizwa. Na kwa mafundi, mnaoogopa kwamba mkibandika bei ukutani mteja atakimbilia duka la jirani, anzeni na tanzanite na zumaridi peke yake, hapo hata jirani yako anajua ni kazi ya namna gani na amewahi kuumia, hatakushindania kwa bei ya hasara. Mkufu na bangili viacheni kwenye mzani kama vilivyokuwa.